Mgongo kwa Mgongo Hadi Isimila

Mimi kusoma nilisoma kwenye kisomo, kile cha watu wazima, na kabla ya hapo nilikaa darasani mwaka mmoja tu, nikatolewa nikalee mdogo wangu. Kwa hiyo atakayeona maneno yangu yanakwenda kama mbuzi wa sokoni, huku na huku, anivumilie. Nitafika.

Nataka kusimulia siku tuliyopelekwa Isimila kutazama mawe ya watu wa kale. Lakini siwezi kuanzia Isimila, maana hutaelewa kwa nini mtu mzima alijificha nyuma ya nguzo ya udongo kama kuku aliyeona mwewe.

Nyumbani kwetu ni Ipogolo, pale chini ya mlima, ukipanda ndiyo unaingia Iringa mjini. Barabara ya lami ilipokuwa inajengwa walikuja vijana wengi wa kazi, na mmoja wao alinioa. Alikuwa Mnyakyusa, mrefu, anacheka kwa sauti hata peke yake. Wazazi wake walikuwa wameshuka kutoka milima ya Tukuyu, wakafuata mpunga kule Igawa, bondeni Usangu. Akanipeleka huko. Nikatoka kwenye baridi nikaingia kwenye joto na mbu, na maji ya majarubani yanayonuka mpaka uyazoee.

Sasa, Wanyakyusa wana jambo lao. Mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Sisemi hawazoeani, nasema hawaonani. Ukimsikia anakuja njiani, unaingia porini, unachuchumaa, unajifunika kanga mpaka apite. Naye akijua uko mbele anakohoa ili ujue. Hamsemezani, hamtazamani usoni. Kwetu Uheheni heshima ipo, lakini si ya kujificha hivyo. Mwanzo nilicheka. Mama mkwe akaniambia, "Cheka, binti, lakini jifunike." Akanifundisha: njia yangu ya kwenda kisimani ni hii, ya baba mkwe ni ile. Chakula unaweka kwenye kigoda nje ya mlango wake, unagonga kigoda mara moja, unaondoka. Wachungaji wa kanisa walikuwa wanasema mambo hayo yaishe, na nyumba nyingine walishalegeza. Yetu haikulegeza.

Na haikuwa taabu, kwa sababu mama mkwe alikuwepo katikati. Anabeba maneno ya huku anapeleka huku, na mengine anayatia chumvi.

Kisha mume wangu akasikia habari za migodi ya Zambia. Akaenda. Mwaka wa kwanza alituma salamu na kitambaa cha gauni. Mwaka wa pili alituma salamu. Baada ya hapo watu waliorudi kutoka huko walikuwa wakiniona wanageuza njia, nami nikaelewa, hakuna haja ya kunitafunia. Mtoto hatukujaliwa. Halafu mwaka ule wa njaa mama mkwe akaugua tumbo, akatutoka.

Tukabaki wawili. Mimi na mzee ambaye sijawahi kumwona uso.

Hebu fikiri. Boma moja, nyumba mbili, miaka. Najua kikohozi chake cha asubuhi na cha jioni, namjua kwa harufu ya tumbaku, najua anapenda ukoko wa wali. Lakini ukinionyesha wazee kumi sokoni Igawa nisingeweza kukuambia yupi ni baba mkwe wangu.

Kulikuwa na mbwa. Mzee alikuwa anasema na mbwa. Anakaa nyuma ya nyumba yake, mimi niko jikoni, anasema kwa sauti, "Wee mbwa, naona mvua inakuja, mpunga uliokuwa juani sijui kama umeingizwa." Mimi natoka naingiza mpunga. Au, "Wee mbwa, mboga ya jana ilikuwa tamu, lakini wewe hukupewa." Siku moja akasema, "Wee mbwa, usizoee sana kulala jikoni. Mpishi wa humo ni Mhehe, na Wahehe na mbwa mnajuana." Huo ni utani wao, wanasema sisi tunakula mbwa. Nilijiziba mdomo kwa kanga nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikamjibu mbwa, nikamwambia, "Wee mbwa, usiogope. Mbwa wa Kinyakyusa ana nyama gani? Amelelewa kwa ndizi." Kule nyuma ya nyumba nikasikia mtu anakohoa, lakini hakikuwa kikohozi. Alikuwa anacheka.

Basi, maisha yangu yalikuwa hayo. Ukiniuliza neno kubwa nililosema na mtu wiki nzima, nitakuambia nilisema na mbwa.

Ndipo likaja jambo la kisomo. Wanawake tulisoma mchana, wanaume jioni. Mwalimu wetu alikuwa kijana mpole mwenye suruali pana chini kama kengele. Tulipomaliza akasema tutapelekwa Isimila, tuone mahali ambapo watu wa kwanza walichonga mawe. Wenzangu wakauliza kama huko kuna chakula. Mimi niliposikia Isimila moyo uliruka, maana Isimila ukitoka Igawa iko kabla tu ya Iringa, na ukivuka hapo si mbali unafika Ipogolo. Kwetu.

Nikamwendea jirani yangu, mama mmoja Msangu aliyekuwa akipeleka mchele Ipogolo. Nikamwambia, "Mwambie mama yangu, siku hiyo akae pale njia panda ya Isimila, barabarani. Asikose."

Akanitazama. "Unakwenda kumsalimia?"

Nikainama nikaokota punje za mchele zilizomwagika.

"Haya," akasema. "Mimi nimesikia kusalimia."

Siku ya safari nikaamka majogoo ya kwanza. Nikapika uji wa mzee, nikauweka kwenye kigoda, nikagonga. Nguo zangu mbili nilizifunga ndani ya kanga pamoja na sufuria ndogo niliyotoka nayo kwetu nilipoolewa. Mtu angeona angedhani ni chakula cha njiani. Sikuwa na mpango wa kurudi. Nasema wazi, sikuwa na mpango huo.

Lori lilikuwa la kubebea mpunga. Tukapanda wanawake, tukajipanga. Mara mwalimu akasema tusubiri, mafuta ni ya shida, wanaume hawatapata lori lao, kwa hiyo tunakwenda pamoja. Wakaanza kupanda wanaume wa darasa la jioni. Halafu nikasikia kikohozi.

Sikujua kama mzee amejiunga na kisomo! Mbwa hakuniambia.

Nikajifunika kanga kichwa kizima, nikasogea mbele kabisa nikabandika uso kwenye ubao nyuma ya dereva. Yeye, nilikuja kuambiwa, alikwenda kukaa mwisho kabisa, akaning'iniza miguu nje, akatazama barabara tunayoiacha. Watu wetu wakajazana katikati bila kuambiwa, wakawa kama ukuta. Ndivyo tulivyosafiri, mgongo kwa mgongo, mimi natazama ubao, yeye anatazama vumbi. Makambako upepo ulitupiga wa baridi, wanawake wakaimba ili wapate joto. Mimi niliimba ndani ya kanga.

Msangu yule jirani akaninong'oneza, "Leo una kazi."

Isimila tulifika jua liko juu ya kichwa. Pale njia panda, lori lilipokata kona kuacha lami, nilichungulia kwenye upenyo wa kanga. Kando ya barabara kulikuwa na mtu amekaa juu ya jiwe, mwanamke, kajitanda kanga ya bluu. Lori likapita. Kutoka pale mpaka penye mawe ni mwendo wa kutembea, si mbali sana. Nikapanga moyoni: tutatazama mawe, watu wakipanda lori mimi nitakuwa nimetangulia kwa miguu. Lakini mama hangesubiri mpaka giza. Magari ya kwenda Iringa jioni yalikuwa ya kubahatisha, na yeye macho yake yalishaanza kuchoka. Jua likianza kushuka asinione, angesema sikuja, angesimamisha gari, angeondoka. Na mimi ningehesabiwa na mwalimu, ningerudishwa kwenye lori na kifurushi changu, Igawa.

Aliyetuongoza alikuwa baba wa makamo wa pale pale, Mhehe mwenzangu, ana fimbo nyembamba ya kuonyeshea. Nilipomsikia akitusalimia kwa Kihehe, "Kamwene," nilitaka kulia, maana kule Usangu nilikuwa najisalimia hivyo mimi mwenyewe tu, kisimani. Akatuonyesha kibanda, chini yake mawe yametandazwa kama mihogo inayoanikwa. Mashoka ya mawe, makubwa mengine kama mguu wa mtoto. Akasema hapo zamani palikuwa ziwa, na watu walikaa ukingoni wakichonga. Akasema wataalamu waliochimba pale waliokota na mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha, macho yake yalisimama juu ya kichwa, kwa hiyo aliweza kukaa mzima ndani ya maji na kukutazama.

"Kumbe kama mama mkwe wangu," akasema mwanamke mmoja, watu wakaangua kicheko.

Msangu akauliza, "Baba, naona mashoka, mashoka, mashoka. Wanawake walikuwa wapi? Hakuna hata chungu?"

Yule baba akasema, "Vitu vya wanawake vilioza, mama. Vikapu, ngozi, kamba. Jiwe ndilo halikuoza."

"Kwa hiyo sisi hatukuwepo."

"Mlikuwepo. Hamkuacha kitu, basi."

Neno hilo liliniingia. Nililibeba pamoja na kifurushi.

Tukateremka korongoni. Sijui kama umewahi kufika. Chini kuna mchanga wa mto uliokauka, na pembeni zimesimama nguzo za udongo mgumu, ndefu kuliko nyumba, nyingine zimevaa jiwe kichwani kama kofia. Upepo na maji ndiyo yaliyozichonga. Njia kati ya nguzo inapinda, mahali pengine inabana, mnapita mmoja mmoja. Mwongozaji akasema wanaume watangulie, wanawake wafuate. Mwalimu alielewa kwa nini, alikuwa amekaa na sisi vya kutosha.

Mimi nikajiweka nyuma ya wote. Nilifikiri: mzee yuko mbele na wanaume, nikiwa wa mwisho tutatengana kabisa. Na nikiwa wa mwisho nitageuka polepole nirudi juu, nishike njia ya barabarani, hakuna atakayeniona.

Naye, mzee wa watu, alifikiri namna yake. Aliona wanawake wako nyuma ya wanaume, akaogopa njia ikizunguka tutakutana uso kwa uso. Kwa hiyo alijitenga mapema, akajibanza pembeni, akawaacha wanaume wapite, akawaacha wanawake wapite kwa kuwapa mgongo, ili yeye ndiye awe wa mwisho. Mimi sikumwona, nilikuwa nimejifunika.

Basi nikageuka nirudi. Nimefika pale njia inapobana, nikasikia kikohozi mbele yangu, karibu kabisa.

Niliruka nyuma ya nguzo. Nikachuchumaa, kanga juu ya kichwa. Kokoto zikaporomoka chini ya miguu yangu, akazisikia. Nikasikia naye anasogea haraka, fimbo yake inagonga jiwe, amejibanza nyuma ya nguzo yake.

Nikasubiri apite. Naye akasubiri nipite. Kila mmoja anampa mwenzake njia, na njia ni moja, na hakuna anayetoka. Mama mkwe angekuwepo angesema neno moja tu, wewe pita huku, wewe ngoja huku, yangekwisha. Mbwa naye yuko Igawa.

Kule mbele sauti za wenzetu zikapanda juu upande wa pili, zikafifia. Upepo ukabaki. Kivuli cha nguzo kilikuwa kimefika kwenye vidole vyangu, halafu kikapanda mguuni. Nikamfikiria mama kwenye lile jiwe lake, anaangalia jua na macho yake mabovu. Sikuwahi kuwa karibu naye hivyo miaka mingi, wala sikuwahi kuwa mbali hivyo. Lori likapiga honi.

Ndipo mzee akasema.

"Wewe jiwe," akasema. Sauti ilikuwa ile ile ya nyuma ya nyumba. "Mimi nasema na wewe, sisemi na mtu. Leo uji wangu ulinuka chungu."

Nikashika kifurushi.

"Kila siku uji unapikwa kwenye sufuria, jiwe. Leo umepikwa kwenye chungu. Nikajiuliza, sufuria imekwenda wapi? Mtu anayekwenda kutazama mawe habebi sufuria. Anayebeba sufuria anahama."

Honi tena.

"Na pale njia panda nilimwona mama mmoja amekaa. Mimi nimekaa mwisho wa lori, naona kila tunachokiacha. Alisimama lori lilipopita, akatazama nyuso zote. Mwambie huyo aliye nyuma yako, jiwe, kwamba mama wa mtu haachwi juani. Mwanangu amepotelea Zambia, hilo si kosa la mtoto wa watu. Mimi sasa nafunika kichwa kwa koti. Nikishafunika mimi si mkwe wa mtu, ni jiwe kama wewe. Apite."

Nikasikia kitambaa kizito kinavutwa.

Sikutoka mara moja. Nikaigeukia nguzo yangu, nikasema, "Wewe jiwe, mwambie mwenzako kwamba mchele uliotwangwa uko kapu la juu, la kushoto. Chumvi iko kwenye kibuyu kilichofungwa kamba nyekundu. Maharage yaloweke jioni, yakilala ndiyo yanaiva."

"Jiwe limesikia," akasema ndani ya koti.

"Na mbwa hapendi ya moto."

"Hilo jiwe linajua."

Nikasimama, nikapita. Njia ilibana kiasi kwamba kanga yangu iligusa koti lake. Lilikuwa koti refu la zamani, la khaki, limetobolewa na cheche za moto mgongoni. Alikuwa amelivuta mpaka juu ya kichwa, ameegemeza paji la uso kwenye nguzo, mzee mzima, kama bibi harusi siku ya kwanza. Nilimwona miguu tu. Miguu ilikuwa imepasuka visigino, na kidole kikubwa cha kulia hakikuwa na kucha. Miaka yote ile, na hicho ndicho nilichopata.

Nikapanda juu. Msangu alikuwa ananitafuta. Nikamwonyesha barabara kwa kidevu, akaelewa. Nyuma yangu nikamsikia anamwambia mwalimu, "Huyo kwao ni hapo Iringa, mwacheni asalimie wazazi." Mwalimu akajibu kitu, sikungoja.

Mama alikuwa bado kwenye jiwe. Alikuwa amenipa mgongo, anatazama upande wa Iringa, mkono uko tayari kusimamisha gari. Nikasema, "Kamwene, mama." Akashtuka, akanishika uso kwa mikono miwili, akausogeza karibu ili aone.

"Umekonda," akasema.

"Joto la kule."

Akatazama kifurushi. Akakigusa, akasikia sufuria ndani.

"Umekuja kutembea, au umekuja?"

"Nimekuja."

Alikichukua kifurushi akakiweka juu ya kichwa chake mwenyewe, kama vile mimi ndiye mgeni na yeye ndiye kijana.

Ndipo lori likatoka kwenye njia ya vumbi, likapanda lami, likakata kona kuelekea Makambako. Wanawake walikuwa wananipungia. Nami nikapunga, nikacheka, machozi yanatoka. Lori likatupa mgongo, likaanza kuchukua mwendo.

Mama akasema, "Kuna mzee amekaa mwisho kule, anakutazama. Amevua kofia."

Sasa nisikilize. Nilikuwa nimetoka. Nilikuwa nimesimama na mama yangu kwenye ardhi ya kwetu, sufuria yangu iko juu ya kichwa chake. Sikuwa mkwe wa mtu tena, na yeye alilijua hilo kabla yangu, ndiyo maana aliinua uso. Lakini mwili ulikuwa bado haujaambiwa. Mama aliposema "mzee," magoti yalikunjika yenyewe. Nilichuchumaa kando ya lami, nikavuta kanga juu ya kichwa, nikakaa humo gizani kama nilivyofundishwa.

"Unafanya nini?" mama akasema. "Inuka, anakupungia!"

Nilipofungua kanga lori lilikuwa dogo kama kiberiti, na vumbi la kando limesimama.

"Yukoje?" nikamuuliza. "Mama, ulimwona. Yukoje?"

Mama akafikiri. Macho yake, nimeshasema, yalikuwa yamechoka.

"Mzee tu," akasema. "Kama wazee wengine."

Tulipata gari la mkaa mpaka Ipogolo. Kwa kaka yangu, ambako mama alikuwa anakaa, walinipokea vizuri, sisemi uongo. Nyumba ilikuwa imejaa watu, watoto wanalia, redio inasema, kila mtu anaongea na kila mtu uso kwa uso. Nililala katikati ya wapwa zangu na usingizi ulinipita. Nilikuwa nasubiri kikohozi cha jioni.

Msangu alikuwa ananiletea habari akija na mchele. Kwamba mzee anapika mwenyewe. Kwamba kisomo amemaliza, anasoma kwa sauti nyuma ya nyumba, mbwa anasikiliza. Halafu mara moja alikuja akaweka mchele chini kabla ya kusalimia, nikajua. Walishamzika. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuniita.

Lakini hayo ni ya baadaye. Asubuhi ile ya kwanza Ipogolo niliamka kabla ya wote, nikakoka moto, nikapika uji kwenye sufuria yangu. Nikamimina bakuli la kwanza, nikatoka nalo nje, nikatafuta kigoda. Mke wa kaka alikuwa amesimama mlangoni ananitazama.

"Wifi," akasema, "hicho chakula cha nani? Watu wako ndani."

Nikasimama na bakuli. Nikamwambia ni cha mbwa.

Akacheka. "Mbwa gani? Hapa hatuna mbwa."